Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya milima yetu: moto wa kambi usitumalizie misitu

KWA: Waheshimiwa viongozi na wahifadhi wenye dhamana ya misitu, utalii na ardhi za vijiji katika Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MIOTO YA WAZI INAYOWASHWA NA WAPIGA KAMBI MILIMANI

Waheshimiwa,

Shikamooni wazee wetu mliomo, na kwenu wengine habari za kazi.

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Ninayeandika ni mkulima wa viazi mviringo na mfuga nyuki katika kijiji kinachopakana na msitu wa hifadhi kwenye safu ya milima ya Uporoto, na ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji. Ninaandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida tumeipita mpaka mwisho wake. Serikali ya kijiji ilipeleka malalamiko kwa maandishi, yakapokelewa na kugongwa muhuri. Tulikumbushia kwa barua, tukakumbushia kwa mdomo, na kila mara tukajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Kiangazi kikaisha, mvua zikanyesha, kiangazi kingine kikaingia, na hakuna aliyekuja kutazama. Ofisi sitaitaja na mtu sitamtaja, maana hatumtafuti wa kumfukuzisha kazi. Tunataka moto usiwashwe mahali usipopaswa kuwashwa.

Miaka ya karibuni milima yetu imependwa. Vijana kutoka Mbeya mjini, Dar es Salaam na Dodoma, pamoja na wageni wa nje ya nchi, wanakuja na mahema mgongoni kulala Uporoto, kwenye mabega ya Mlima Rungwe, kwenye kilele cha Mbeya kilichopita mita 2,800, na kandokando ya uwanda wa Kitulo. Wanapanda jioni, wanachagua mahali penye mandhari nzuri, wanasimika hema, wanakoka moto mkubwa, wanachoma nyama, wanazungumza mpaka usiku wa manane, na asubuhi wanashuka. Wengi wao ni watu wema. Wananunua viazi kwetu, wanawalipa vijana wetu wawaonyeshe njia, wanawasalimia wazee. Nieleweke mapema basi: hatuombi mlima ufungwe, wala hatuna kinyongo na mtu anayetaka kulala chini ya nyota. Tunacholalamikia ni moto wa kuni unaokokwa juu ya nyasi na chini ya miti, popote, mwezi wowote, bila ruhusa ya mtu yeyote.

Hoja zetu ni hizi.

1. Moto unawashwa katika miezi mibaya kuliko yote

Huku kwetu mvua hukatika Mei na kurudi Novemba. Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, huanguka usiku kwenye nyanda za juu na kuyaua majani. Yanageuka manjano, kisha yanakauka kabisa. Agosti na Septemba unaingia upepo. Ikifika Oktoba, miteremko yote imejaa majani makavu yaliyosimama, na vichaka vya mlimani vyenye majani madogo ya mafuta viko tayari kulipuka. Miezi hiyohiyo ndiyo wanayoipenda wapiga kambi, kwa kuwa njia ni kavu na anga ni jeupe.

Wenyeji tunazijua siku ambazo hata kiberiti hakitolewi mfukoni ukiwa shambani. Mgeni hazijui, na hakuna anayemwambia. Cheche za gogo bichi zinaruka mbali kuliko mtu anavyodhani, na zikiangukia majani ya mteremkoni mambo yamekwisha, kwa sababu moto wa mlimani hupanda juu kwa kasi: miali inayakausha majani ya mbele yake kabla haijayafikia. Mtu mzima mwenye nguvu zake hawezi kukimbizana nao kupanda kilima.

2. Moto unaodhaniwa umezimika unakuwa haujazimika

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa hili ndilo jambo ambalo wageni wetu wengi hawalijui na viongozi wengi hawalizungumzi.

Udongo wa misitu ya Uporoto na Rungwe umetokana na majivu ya volkano, na juu yake kuna tabaka nene la majani yaliyooza, mizizi na kuvumwani. Tabaka hilo likikauka na kushika moto linaungua taratibu, bila mwali na karibu bila moshi. Mtu akikoka moto juu yake, joto linashuka chini, linashika mzizi, na mzizi unasafirisha moto kama utambi. Siku ya pili au ya tatu, wakati mwenye hema ameshafika kwake na amelala, moto unatokea mahali pengine chini ya kisiki, upepo unaupokea, na kijiji kinaamka.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kufukia makaa kwa udongo. Mtu anaona ameacha mahali safi, pamefunikwa vizuri, hata picha anapiga. Lakini makaa yaliyofukiwa hayafi upesi. Yanabaki ya moto kwa saa nyingi, na ikiwa udongo wenyewe una mizizi na mboji, yanakula humo humo. Kuzima moto wa kambi ni kazi: unamwagia maji, unakoroga kwa mti mpaka majivu yawe uji, unamwagia tena, kisha unapitisha mgongo wa mkono karibu yake. Ukisikia joto, unaanza upya. Sasa niambieni, Waheshimiwa: aliyepanda na chupa mbili za maji ya kunywa atayapata wapi hayo maji juu ya kilele? Mabega mengi ya milima wanakolala hayana kijito karibu. Moto unawashwa mahali ambapo hakuna uwezo wa kuuzima, na hilo peke yake lingetosha kuukataza.

3. Kuni zinatoka kwetu, na sheria inatuangalia sisi tu

Mama wa kijijini akikutwa na mzigo wa kuni kichwani ndani ya hifadhi nje ya utaratibu, ananyang'anywa, anahojiwa, anaweza kufikishwa mbali. Hatulalamiki kwa hilo. Msitu una sheria zake na wengi wetu tumezikubali. Linalotuumiza ni kuona kwenye mabega ya mlima mabaki ya magogo makubwa, mianzi iliyokatwa mibichi, na matawi ya miti ya asili yaliyochomwa usiku mmoja kwa ajili ya starehe. Mianzi mibichi haiwaki vizuri, inatoa moshi tu, na aliyeikata hakujua. Ameiharibu bila hata kupata joto.

Serikali yetu ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Viongozi wamekuja mikutanoni kutuhimiza tuache kuni, tuhamie gesi. Tumesikia, na baadhi yetu tumeanza. Mwanamke anayepika maharage ya watoto sita anaambiwa aache kuni. Kijana aliyekuja na gari kutoka mjini, ambaye jiko dogo la gesi linaingia kwenye begi lake bila shida, haambiwi kitu. Tunaomba mtueleze usawa wa jambo hilo uko wapi.

4. Kinachoungua huku hakipatikani kwingine

Mwaka 2005 wanasayansi waliutangazia ulimwengu tumbili ambaye hawakuwa wakimjua, kipunji, anayeishi Rungwe, kwenye misitu ya Livingstone upande wa Kitulo, na kwenye kipande cha msitu huko Udzungwa. Hayupo mahali pengine popote duniani. Wazee wa Kinyakyusa walimjua kwa jina hilo kabla hajaandikwa katika kitabu chochote. Hesabu ya mwanzo ilimkadiria kuwa na idadi ya 1,100 hivi tu. Ni mnyama wa juu ya miti. Anapita kutoka tawi hadi tawi, na msitu ukikatwa vipande kwa moto, familia moja inabaki upande huu na nyingine upande ule.

Mwaka huohuo wa 2005 Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, eneo la kilomita za mraba 412, kwa ajili ya maua hasa. Watu wanaiita Bustani ya Mungu. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake aina 45 za okidi za ardhini. Mlima Rungwe nao ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Yote hayo yamezungukwa na ardhi za vijiji na misitu midogo ambako hakuna geti wala mlinzi, na huko ndiko hema zinakosimikwa. Moto ukianzia kwetu hausomi bango la mpaka.

Na msitu wa mlimani ukishaungua haurudi kama ulivyokuwa. Kwanza inaota kangaga, inafunika kila kitu, na kangaga ikikauka inakuwa kuni nzuri ya moto unaofuata. Miche ya miti haipati mwanga. Mwaka baada ya mwaka ukingo wa msitu unasogea ndani. Mzee akikuonyesha kwa mkono msitu ulikofika zamani, unaona ni shamba la kangaga tupu.

5. Maji

Hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa mnalijua. Upande wa kusini, mito ya Rungwe na Uporoto inateremka kwenda Kiwira na Ziwa Nyasa. Upande wa kaskazini, mito ya Chimala na Mbarali inashuka bonde la Usangu, inaingia mto Ruaha Mkuu, na maji hayohayo yanazungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Chanzo kikubwa kilikuwa matumizi ya maji kule bondeni, na sitasingizia hema za vijana. Lakini mto ambao tayari unahangaika hauhitaji kuunguziwa chemchemi zake huku juu.

6. Wanaouzima ni wanakijiji, na gharama ni ya wanakijiji

Moto ukionekana mlimani, hakuna gari la zimamoto linaloweza kupanda. Kengele ya kanisa inagongwa, simu zinapigwa, na watu wanaacha majembe. Wanaume kwa wanawake wanapanda na matawi mabichi, mapanga na madumu ya maji kichwani. Vijana wanatangulia kufyeka ukanda mbele ya moto, wengine wanapiga kwa matawi, na anayejua upepo ndiye anayetoa amri. Tunafanya kazi hiyo bila buti, bila barakoa, bila posho na bila bima. Usiku ukiingia tunabaki kulinda visiki. Moshi wa moto wa vichaka unachoma macho kwa siku kadhaa.

Kiangazi kilichopita moto ulianzia kwenye bega la mlima ambako wageni walikuwa wamelala. Tulikuta duara la mawe, makopo, na majivu yaliyofukiwa. Uliteremka usiku mpaka kwenye mizinga yetu. Nyuki hawakimbii moto kama ndege. Moshi unawatia ulevi, wanajaza matumbo asali, wanabaki ndani, na mzinga unaungua nao. Kikundi chetu cha wafugaji, wengi wao wajane na vijana wasio na mashamba, kilipoteza mizinga iliyokuwa tayari kuvunwa. Hasara hiyo hakuna aliyeilipa, kwa kuwa hakuna anayejua aliyewasha moto alikuwa nani. Hatukuweza hata kumtumia ujumbe wa kumwambia kilichotokea nyuma yake, na ninaamini angesikitika.

7. Hakuna anayejua nani yuko mlimani

Bodaboda anajua amempeleka nani, basi. Kijiji hakina daftari, hakijapewa mamlaka ya kuuliza, na kijana wetu akisimama njiani kuuliza anaonekana anatafuta rushwa. Usiku mtu akivunjika mguu hatujui. Moto ukiwaka hatujui kama kuna watu ndani ya mahema kule juu. Hilo la mwisho linatunyima usingizi kuliko mengine.

Waheshimiwa, najua majibu yanayoweza kutolewa, kwa kuwa mengine tumeshayasikia. Naomba niyajibu kwa heshima.

Itasemwa kwamba wanakijiji ndio wachomaji wakubwa. Ni kweli kwamba mioto mingi inatoka mashambani, kwa mtu anayesafisha shamba, kwa mwindaji, kwa mrina asali wa kienyeji anayetumia mwenge, kwa mfugaji anayetaka majani mapya. Hatufichi. Kwa sababu hiyo mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha sheria ndogo: hakuna kuchoma shamba bila kibali cha mtendaji, bila majirani kuwepo, na bila ukanda kulimwa kuzunguka. Aliyekiuka analipa faini, na wapo waliolipa, mmoja wao mtoto wa mjumbe. Kijiji kinachojibana namna hiyo kina haki ya kutaka mgeni naye abanwe. Na kosa la jirani yangu halimhalalishi mtu mwingine kufanya lake.

Itasemwa kwamba nyasi za milimani huungua tangu zamani, na kwamba hata wahifadhi huchoma kwa makusudi. Nakubali. Nyasi za Kitulo zinastahimili moto, na viazi vya okidi vikiwa chini ya udongo vinaweza kunusurika moto mwepesi unaopita haraka. Lakini uchomaji wa mapema unaofanywa na wataalamu hufanyika majani yakiwa bado yana unyevu, kwa mpango, kukiwa na watu na njia za kuzuia moto. Moto wa Septemba uliotoroka kambini ni kitu kingine kabisa. Unaingia msituni, na msitu wa mlimani haukuumbwa kwa moto.

Itasemwa kuna baridi, mtu atakufa. Baridi ya kwetu ni ya kweli. Kitulo joto hushuka chini ya sifuri. Lakini Kilimanjaro watu wanalala kila siku ya mwaka kwenye kambi zilizo juu ya mita 4,000, na moto wa kuni ni marufuku kwa wapandaji. Wapishi wao wanapika kwa gesi. Mgeni anavaa nguo nzito, anaingia kwenye begi la kulalia, anakunywa chai ya moto, anaamka salama. Na Kilimanjaro hiyohiyo inatupa funzo la pili. Oktoba 2020 moto uliwaka huko na kuteketeza takribani kilomita za mraba 95, na maelezo ya awali yaliyotolewa hadharani yalihusisha moto wa kupasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda kuuzima. Hiyo ni hifadhi yenye askari, redio, mageti na mapato makubwa kuliko yetu mara nyingi. Sisi huku tuna matawi mabichi.

Itasemwa kwamba katazo litaua utalii ambao ndio kwanza unachipuka kusini. Mimi ninayeandika napata kipato kwa wageni hao, nawauzia asali. Mgeni anakuja kwa ajili ya msitu, ziwa Ngozi, maua, kipunji na ukungu wa asubuhi. Hatapanda kilima kuja kutazama miti myeusi. Waongoza watalii wetu tulipowauliza, waliunga mkono katazo bila kusita, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa na wageni "mbona pameungua hapa?"

Na itasemwa sheria ipo tayari. Ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazungumzia uchomaji moto, na vijiji vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tatizo ni kwamba mgeni haioni popote: haipo kwenye bango la njia panda, haipo kwenye risiti ya kiingilio pale kinapolipwa, haipo kwenye mdomo wa yeyote anayempokea. Itasemwa vilevile hakuna bajeti wala askari wa kutosha. Ndiyo maana mengi tunayoomba hapa chini hayahitaji askari mpya hata mmoja.

TUNAOMBA

Kwanza, litangazwe katazo la moto wa wazi wa kuni katika misitu yote ya hifadhi na ardhi za vijiji za milimani, kuanzia Juni mosi hadi mvua zitakapokolea, nje ya maeneo yaliyotayarishwa. Jiko la gesi liruhusiwe, juu ya udongo mtupu au jiwe. Katazo liandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwenye kila njia inayopanda mlimani, na wamiliki wa nyumba za wageni mjini Mbeya, Tukuyu, Makete na Iringa wapewe nakala za kubandika.

Pili, kila safu iwe na kambi chache zinazotambulika, zilizowekwa pale msitu unapoishia. Mahali palimwe mpaka udongo uonekane, pajengwe meko ya mawe, pawe na pipa la maji lililojaa na koleo. Mgeni anayeutamani moto jioni ataupata hapo, kwa kuni za miti ya kupandwa atakazouziwa na kijiji. Vijiji viko tayari kutoa ardhi na nguvu kazi. Kwetu eneo tumeshalitenga, mkija tutawaonyesha.

Tatu, kuwe na daftari la wanaolala mlimani katika ofisi ya kijiji au kwa mhifadhi aliye karibu, pamoja na namba moja ya simu ya kuripoti moto ambayo inapokelewa usiku. Namba hiyo isiwe ya mtu binafsi, maana mtu huhamishwa na namba huondoka naye.

Nne, sehemu ya ada wanazolipa wageni irudi kwenye vijiji vinavyozima moto, kwa kazi mbili zinazojulikana: kufyeka njia za kuzuia moto kila Mei kabla majani hayajakauka, na kununua vifaa, yaani mabomba ya maji ya kubeba mgongoni, buti, barakoa na vifaa vya kupigia moto. Mafunzo nayo yanahitajika. Wenzetu wanaoishi jirani na shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi wana uzoefu wa miaka mingi wa kuishi na hatari hii, wakutanishwe nasi.

Tano, sheria ndogo za vijiji kuhusu moto zitambuliwe kwa kila anayeingia, awe wa kijijini, wa mjini au wa ng'ambo, na faini iwe ileile. Aliyesababisha moto akijulikana, alipe mizinga na mazao ya watu kabla ya kulipa kitu kingine.

Sita, barua za vijiji zijibiwe. Hata jibu la kukataa ni jibu, tutajua pa kwenda.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya mwisho wa Mei, kwa sababu Juni majani yanaanza kukauka na hatutakuwa na muda wa kuandikiana. Tunaomba pia mmoja wenu aje akae na kamati yetu, siku yoyote isiyo ya ibada wala ya mnada. Atapandishwa mpaka kwenye bega lililoungua, ataonyeshwa eneo tulilotenga kwa kambi, na atakabidhiwa nakala za barua zetu zote zenye mihuri ya kupokelewa. Asipokuja mtu hadi tarehe hiyo, mkutano mkuu wa kijiji umeshaazimia kuweka vijana wetu kwenye njia zinazopita katika ardhi ya kijiji kuanzia Juni mosi, wawaombe wageni waache kiberiti chini na waandike majina yao kwenye daftari. Tungependa sana wafanye kazi hiyo wakiwa na barua yenu mkononi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe, Kamati ya Maliasili ya Kijiji,
Safu ya Uporoto, Mbeya.

Nakala: Serikali za vijiji jirani, vikundi vya wafugaji nyuki, waongoza watalii wa Nyanda za Juu Kusini.